Machapisho huria na uhakiki wa wazi: maswali ambayo watafiti na wanafunzi wa Mombasa huuliza mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwenye dawati la maktaba ninapohudumu hapa Mombasa. Hufika mwanafunzi wa uzamili kutoka Tudor, mtafiti wa samaki kutoka Mkomani, au muuguzi anayetaka kuchapisha alichokiona wodini, na wote huja na wasiwasi unaofanana. Nimejibu kwa urefu pale ambapo jibu fupi lingempotosha muulizaji. Msimamo wangu nautaja mapema: kuifungua makala na kuuacha uhakiki wake umefungiwa ni kuifanya kazi nusu, kwa kuwa anayesoma matokeo ya utafiti bila kuona yalivyopingwa na yalivyotetewa hana njia ya kupima uzito wake.

Je, "machapisho huria" maana yake ni kusoma bila kulipa tu?

Kusoma bila kulipa ni sehemu ya kwanza. Azimio la Budapest, lililotolewa Februari 2002, lilidai kwamba mtu yeyote aweze kuisoma makala kwenye intaneti, kuipakua, kuinakili, kuisambaza na kuichapa bila kizuizi cha fedha wala cha kisheria, na likamwachia mwandishi haki mbili: kazi yake isipotoshwe, na jina lake litajwe kila inapotumiwa. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Berlin, ambalo taasisi nyingi za utafiti duniani zimelitia saini. Kwa hiyo makala ambayo mchapishaji ameifungua kwa muda, halafu akaifunga tena, si huria kwa maana hiyo, hata kama uliwahi kuifaidi.

Tofauti hii inatugusa. Mwalimu wa Likoni anayetaka kuwatolea wanafunzi wake nakala za makala kuhusu mikoko, au redio ya hapa Pwani inayotaka kuisoma makala ya afya hewani kwa Kiswahili, anahitaji ruhusa ya kutumia, na ruhusa hiyo haiji kwa sababu makala ni ya bure. Inakuja na leseni, ambayo nimeieleza mbele.

Na uhakiki wa wazi ni upi?

Wasomaji wa fasihi wamelizoea neno "uhakiki" kwa maana ya kuchambua riwaya au shairi. Humu nalitumia kwa kazi ya wataalamu wa fani moja wanaposoma mswada wa mwenzao na kusema kama mbinu zake zinafaa, kama data yake inatosha kubeba hitimisho, na nini kirekebishwe. Katika uhakiki wa siri, mwandishi hamjui aliyemsoma, na katika majarida mengine mhakiki naye hafahamishwi mwandishi ni nani. Ripoti husomwa na mhariri na mwandishi, kisha hufungiwa, na msomaji huambiwa tu kwamba makala "imehakikiwa".

Uhakiki wa wazi huondoa pazia moja au zaidi kati ya hayo. Istilahi yenyewe haina fasili moja: Tony Ross-Hellauer, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2017, alikusanya fasili 122 na kuzichambua akapata sifa saba. Tatu ndizo utakazokutana nazo zaidi. Ya kwanza ni majina, yaani mwandishi na mhakiki kujuana. Ya pili ni ripoti, yaani maneno ya mhakiki na majibu ya mwandishi kuchapishwa pamoja na makala. Ya tatu ni ushiriki, yaani wasomaji wengine kuruhusiwa kuchangia. Jarida linaweza kuwa na moja likakosa nyingine. Jarida la tiba la BMJ lilianza mwaka 1999 kuwafahamisha waandishi majina ya wahakiki wao, lakini ni mwaka 2014 ndipo lilipoanza kuweka ripoti hadharani kando ya makala za utafiti. Atmospheric Chemistry and Physics, lililoanzishwa 2001, lilichukua njia nyingine: mswada huwekwa wazi, wahakiki walioteuliwa huandika maoni yao hapohapo, kwa jina au bila jina, wanasayansi wengine huchangia, na waandishi hujibu mbele ya wote.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba jarida fulani lina uhakiki wa wazi, uliza: ni wazi kwa lipi? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia unaingia katika mkataba wa namna gani.

Si desturi ya sayansi tangu zamani kwamba uhakiki ufanywe kwa siri?

Desturi hiyo ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alipoanzisha Philosophical Transactions mwaka 1665, uamuzi wa nini kichapishwe ulikuwa wake kwa sehemu kubwa. Nature, jarida ambalo wengi hulitaja kama kilele, lilifanya uhakiki wa wataalamu wa nje kuwa utaratibu wa kawaida mwaka 1973 tu.

Kipo kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walipeleka kwa jarida la Physical Review makala iliyohoji kuwapo kwa mawimbi ya uvutano. Mhariri akampa mtaalamu mwingine aisome, na ripoti ilipomfikia Einstein alikasirika, akajibu kwamba hakuwa amemruhusu mtu aonyeshwe makala yake kabla haijachapishwa, akaiondoa. Mhakiki yule, ambaye jina lake lilikuja kuthibitishwa miongo mingi baadaye kuwa Howard Robertson, alikuwa ameliona kosa la kweli, na makala ilipotoka katika jarida jingine hitimisho lake lilikuwa limebadilika. Uhakiki uliokoa heshima ya mwanafizikia mkubwa kuliko wote wa zama zake. Lakini ripoti ile iliyobeba funzo lote ilibaki kwenye makabati, na vizazi vya wanafunzi wa fizikia vikapita bila kuona jinsi hoja nzito ilivyopimwa na kusahihishwa. Hasara ya namna hiyo hutokea kila siku katika kila jarida linalofungia ripoti zake.

Makala hupitia hatua gani katika uhakiki wa wazi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi na msimamizi wake wamepima nyasi za bahari katika ghuba ya Gazi na wanapeleka mswada wao kwenye jukwaa linalofuata mtindo wa F1000Research, jukwaa la kuchapisha kwanza na kuhakiki hadharani baadaye, mtindo uliofuatwa na Wellcome Open Research mwaka 2016 na, kwa upande wa Afrika, AAS Open Research mwaka 2018, ambalo baadaye lilikuja kuwa Open Research Africa.

Wahariri wa jukwaa hukagua kwanza mambo ya msingi: kama maandishi hayakuibwa, kama kibali cha maadili kipo, kama data imewekwa mahali inapoweza kufikiwa. Ikipita hapo, makala huchapishwa ikiwa na alama inayosema wazi kwamba inasubiri uhakiki. Kisha wataalamu huombwa kuisoma, nao wasiwe watu waliofanya kazi kwa karibu na waandishi siku za hivi karibuni. Kila mmoja huandika ripoti kwa jina lake na taasisi yake, na huchagua hukumu moja kati ya tatu: ameidhinisha, ameidhinisha kwa masharti, au hajaidhinisha.

Mhakiki wa kwanza katika mfano wetu anaandika kwamba vipimo vyote vilichukuliwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na kwa hiyo haijulikani kama tofauti iliyoonekana kati ya sehemu mbili za ghuba ingebaki ileile wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Anaidhinisha kwa masharti. Mwanafunzi anarudi ufuoni maji mafu yanapofika, anapima tena sehemu zilezile, anaongeza safu katika jedwali la pili, na anamjibu mhakiki aya kwa aya: hapa nimekubali na nimerekebisha, hapa sikubali na sababu yangu ni hii. Toleo la pili huchapishwa juu ya la kwanza, lakini la kwanza halifutwi, kwa kuwa kila toleo lina DOI yake, yaani kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni. Mhakiki anarudi, anasoma, anaidhinisha. Makala ikipata idhini kamili mbili, au idhini moja kamili na mbili za masharti, hupelekwa kwenye faharasa kama PubMed na Scopus. Isipopata hubaki ilipo, na hukumu zake huonekana na kila anayeifungua.

Mvuvi wa Gazi, au ofisa wa kaunti anayepanga eneo la hifadhi, akiisoma makala hiyo miaka mitano baadaye, ataona pia kwamba suala la maji mafu liliulizwa na lilijibiwa vipi. Katika jarida lenye ripoti zilizofungiwa angeona jedwali lenye safu mbili na asijue kwamba ya pili ilizaliwa na swali.

Mimi ni mtafiti kijana. Nitathubutuje kumkosoa profesa wangu hadharani?

Swali hili naulizwa kuliko mengine yote, na silichukulii kwa wepesi, kwa sababu fani zetu ni ndogo. Wataalamu wa matumbawe wa Afrika Mashariki wanafahamiana kwa majina, na anayekuhakiki leo ndiye atakayeketi kwenye kamati ya ufadhili kesho. Isitoshe, tumelelewa kumheshimu mkubwa, na heshima hiyo ina thamani yake.

Ushahidi uliopo unathibitisha kwamba hofu hii si ya kwetu peke yetu. Jaribio la BMJ lililochapishwa mwaka 1999 lilionyesha kwamba kumfahamisha mwandishi jina la mhakiki hakukubadilisha kwa kiasi cha maana ubora wa ripoti, lakini kuliongeza idadi ya waliokataa kuhakiki. Jaribio jingine katika majarida matano ya mchapishaji Elsevier, ambalo matokeo yake yalitolewa 2019, lilichapisha ripoti zote na kuwaachia wahakiki hiari ya kutaja majina. Waliokubali kutajwa walikuwa asilimia 8.1 tu, ingawa kuchapishwa kwa ripoti zenyewe hakukuwafanya watu waache kuhakiki kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Nilichojifunza hapo ni kwamba ripoti na jina ni mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Maoni yangu ni kwamba ripoti ichapishwe kila mara, na jina liwe hiari ya mhakiki hadi afikie nafasi ambayo hakuna wa kumdhuru. Majukwaa yanayodai jina bila hiari yana sababu nzuri, kwa kuwa jina hufichua mgongano wa maslahi na humzuia mtu kuandika matusi, lakini mtafiti kijana anayeona hatari ana haki ya kukataa mwaliko na kungoja jarida linalompa hiari. Nature lilianza mwaka 2020 kuwapa waandishi nafasi ya kuchapisha ripoti pamoja na makala zao, na tangu Juni 2025 limelifanya hilo kuwa la kawaida kwa kila makala mpya ya utafiti, huku wahakiki wakibaki na hiari ya kutotajwa. Huo ndio mpangilio ninaouunga mkono.

Nitaongeza jambo moja ambalo nadhani watu wa mji huu watalielewa upesi. Katika mabaraza ya Mji wa Kale mtu huzungumza huku uso wake ukionekana, na vijana hupinga wazee kila jioni, lakini kwa lugha iliyochaguliwa: husema "hilo sikulifahamu, mzee, hebu nifafanulie", kisha hulijenga pingamizi hatua kwa hatua. Adabu hiyo inafaa kabisa katika ripoti ya uhakiki. Nimesoma ripoti zilizochapishwa ambamo mhakiki aliivunja hoja kuu ya makala yote bila neno moja la dharau.

Makosa yangu yakionekana na ulimwengu mzima, si nitaaibika?

Toleo la kwanza likiwa na kosa na la pili likiwa limelirekebisha, kinachoonekana ni mtu anayesikia na kurekebisha. Yenye madhara ni makosa ambayo hayakuonekana kwa wakati. Mwezi Juni 2020 majarida ya tiba ya Lancet na New England Journal of Medicine yaliondoa makala mbili kuhusu KOVIDI-19 zilizotegemea data ya kampuni iitwayo Surgisphere, data ambayo hakuna aliyeweza kuikagua. Makala zile zilikuwa zimehakikiwa, na moja yake ilikuwa imekwisha kusababisha majaribio ya dawa yasimamishwe kwa muda. Kilichozifichua ni maswali ya wanasayansi waliozisoma baada ya kuchapishwa. Sisemi kwamba ripoti za wazi zingezuia mkasa huo. Nasema kwamba wasomaji wangeona tangu siku ya kwanza kama kuna mhakiki yeyote aliyeomba kuiona data.

Mimi mwenyewe, nilipopeleka makala yangu ya kwanza kuhusu uhifadhi wa nyaraka, nilingoja miezi tisa, nikaletewa ripoti ya mistari miwili isiyo na jina: mada haina uzito, Kiingereza kinahitaji kazi. Sikuweza kujibu, kwa sababu hapakuwa na hoja ya kujibiwa. Nina hakika kwamba aliyeandika mistari ile angeandika zaidi kama angejua kuwa itasomwa.

Ada ya uchapishaji hulipwa na nani? Mimi sina kitu.

Hili ndilo doa kubwa la mfumo huria kama ulivyo sasa, na silifichi. Zamani msomaji alizuiwa na ada ya usajili. Siku hizi katika majarida mengi msomaji amefunguliwa mlango na mwandishi ndiye aliyefungiwa. Mwaka 2020 Nature ilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala moja, ambayo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya, na hakuna mhadhiri wa hapa ninayemfahamu anayeweza kuitoa mfukoni.

Hata hivyo njia zipo. Majarida mengi hayatozi chochote kwa upande wowote, kwa kuwa yanagharimiwa na chuo, chama cha wanataaluma au serikali. Western Indian Ocean Journal of Marine Science, linalotolewa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari kilichoko Zanzibar, husomwa bila malipo kupitia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na ni mahali pa kwanza ninapomwelekeza anayetafiti bahari yetu. Saraka ya majarida huria ya DOAJ, iliyoanza mwaka 2003, hukuwezesha kuchuja majarida yasiyotoza ada. Njia ya pili ni kuchapisha katika jarida la kulipia kisha kuweka nakala iliyokubaliwa kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo chako, baada ya muda ambao jarida limeuweka kupita. Njia hii haigharimu kitu, na inanisikitisha jinsi inavyosahauliwa. Njia ya tatu ni msamaha wa ada, ambao wachapishaji wengi hutoa kwa kufuata makundi ya nchi ya Research4Life, mpango unaozifikishia nchi zenye kipato kidogo machapisho ya utafiti. Makundi hayo hubadilika, kwa hiyo yaangalie mwaka unaopeleka mswada, na msamaha uombwe wakati wa kupeleka, kwani ukingoja hadi makala ikubaliwe mara nyingi huambiwa umechelewa.

Aliyefadhiliwa asome mkataba wake. Wellcome, shirika la ufadhili wa utafiti la Uingereza, hugharimia uchapishaji huria wa tafiti inazozifadhili, zikiwamo za mpango wa KEMRI-Wellcome Trust ulioko Kilifi, ambao una ukumbi wake katika Wellcome Open Research. Gates Foundation, kwa upande wake, iliacha kulipa ada za makala moja moja kuanzia Januari 2025 na kudai makala za awali, yaani miswada ambayo bado haijahakikiwa, ziwekwe hadharani.

Nitalitambuaje jarida la kitapeli?

Kijana mmoja alinijia na ankara ya dola. Jina la jarida lilitofautiana kwa herufi moja na la jarida maarufu, barua ilimwita "Profesa Mheshimiwa" ilhali alikuwa bado hajatetea tasnifu yake, na makala yake ya kurasa kumi na nane ilikuwa imekubaliwa kwa siku tatu bila swali hata moja. Alikuwa amekwisha kulipa nusu. Kilichomuumiza zaidi ya fedha ni kwamba makala ilikuwa imeshawekwa mtandaoni, na hakuna jarida la heshima lingeipokea tena.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alipeleka makala ya uongo kwa majarida huria 304, makala yenye makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, na majarida 157 yaliikubali. Wapo waliolitumia jaribio hilo kusema kwamba uhuria wenyewe ndio tatizo. Mimi nakumbusha kwamba hakuyajaribu majarida ya kulipia, kwa hiyo hakuna wa kulinganisha nao. Wala ukubwa wa mchapishaji si kinga: mwaka 2023 Wiley iliondoa zaidi ya makala 8,000 zilizokuwa zimetoka katika majarida ya Hindawi, kampuni ambayo Wiley iliinunua 2021, nyingi zikiwa zimepitishwa kwa uhakiki uliochezewa.

Kipimo changu ni rahisi. Nenda kwenye makala iliyochapishwa na jarida hilo mwaka jana, na utafute ripoti ya uhakiki. Ikiwa zipo, soma mbili tatu: je, mhakiki anataja jedwali, ukurasa, mbinu? Ikiwa hazipo, muulize mhariri kwa barua jinsi uhakiki unavyofanywa na nani wamo kwenye bodi, kisha uwaandikie wawili kati ya hao waliotajwa ujue kama wanajijua. Angalia DOAJ na orodha ya maswali ya Think. Check. Submit. Na kama barua ya mwaliko imekusifu kabla ya kukusoma, ifute.

Makala ya awali ni sawa na makala huria?

Hapana. Makala ya awali ni mswada uliowekwa hadharani kabla ya uhakiki, kama inavyofanyika kwenye hifadhi za mtandaoni za arXiv tangu 1991, bioRxiv tangu 2013 na medRxiv tangu 2019. Inasomwa bure na ina faida ya kasi, lakini ukiinukuu sema wazi kwamba haijahakikiwa.

Nikichapisha kwa leseni huria, mtu anaweza kuitafsiri kazi yangu bila kuniuliza?

Kwa leseni ya CC BY, mojawapo ya leseni za Creative Commons, ndiyo. Anaweza kuinakili, kuitafsiri, hata kuiuza, mradi akutaje na aonyeshe alichobadilisha. Kwa CC BY-NC hawezi kufanya biashara nayo. Kwa CC BY-ND hawezi kusambaza tafsiri yake, na hapa ndipo ninapowasihi waandishi wa Pwani wafikiri kabla ya kuweka alama kwenye kisanduku, kwa sababu wengi huchagua ND wakidhani wanajilinda dhidi ya wizi, kumbe wanazuia mtu asiisambaze makala yao ya malaria au ya uvuvi kwa Kiswahili. Hakimiliki hubaki yako ikiwa mkataba unasema hivyo, basi usome mkataba.

Data ya wagonjwa au ya wavuvi iwekwe wazi pia?

Iwekwe kwa kadiri ambavyo haimfichui mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, na kuondoa majina hakutoshi: ukiandika umri, kijiji na ugonjwa adimu, jirani atamtambua mwenyewe. Vilevile mahali hasa ambapo samaki hutaga, palipotajwa na wavuvi kwa kuaminiana, panaweza kuharibiwa na wageni. Katika hali hizo data hutunzwa kwenye hifadhi yenye udhibiti, na makala hueleza nani anaweza kuiomba na kwa utaratibu gani.

Kiswahili kina nafasi gani katika haya yote?

Katika isimu na fasihi kina nafasi nzuri: Swahili Forum husomwa bure na hupokea makala za Kiswahili, na Kioo cha Lugha la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linapatikana AJOL. Katika sayansi za bahari, tiba na uhandisi nafasi bado ni finyu, lakini hakuna anayekuzuia kuongeza ikisiri ya Kiswahili. Nimewaomba watafiti kadhaa wafanye hivyo, na waliokubali wamegundua kwamba ikisiri ndiyo sehemu pekee ambayo watu waliohojiwa katika utafiti huisoma. Ningependa kuona pia maoni ya wasomaji yakiandikwa kwa Kiswahili mahali ambapo jukwaa linaruhusu maoni.

Chuo changu kitaikubali makala ya aina hii nikiomba kupandishwa cheo?

Uliza kabla ya kupeleka, na upate jibu kwa maandishi. Kamati nyingi bado huangalia kipimo cha athari, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hunukuliwa, unaokokotolewa na kampuni ya Clarivate, ingawa Azimio la San Francisco la mwaka 2012 liliwasihi wasimpime mtafiti kwa jarida alimochapisha. Jarida la eLife ni funzo. Mwaka 2023 liliacha kukubali au kukataa makala baada ya uhakiki, likawa linachapisha kila mswada lililouhakiki pamoja na ripoti na tathmini ya wahariri, na mwishoni mwa 2024 Clarivate ikatangaza kwamba halitapewa tena kipimo hicho. Kwa maoni yangu eLife ilifanya jambo la haki, lakini mwanafunzi ambaye kuhitimu kwake kunategemea orodha ya chuo hapaswi kubebeshwa gharama ya vita hivyo peke yake. Ambatisha ripoti za uhakiki kwenye maombi yako. Mwanakamati anayeziona mara ya kwanza hushangaa jinsi zinavyomwonyesha kazi yako kwa undani.

Nimealikwa kuhakiki kwa mara ya kwanza. Nifanye nini?

Kabla ya kukubali, jiulize kama fani hiyo unaijua na kama una uhusiano wowote na waandishi, na ukiwa nao utaje kwa mhariri. Soma makala mara mbili, ya kwanza bila kalamu. Andika kwa sentensi chache unachoelewa kuwa makala inadai, kwani mwandishi akiona umemwelewa vibaya ataanzia hapo. Kisha tenganisha mambo yanayozuia hitimisho kukubalika na yale ambayo ni ya kunyoosha maandishi tu. Kila pingamizi liambatane na ukurasa au jedwali, na likiwezekana useme ni kipimo gani kingekuridhisha, kama alivyofanya yule mhakiki wa maji mafu. Usidai makala zako mwenyewe zinukuliwe isipokuwa pasipo budi.

Kama mwanafunzi wako alikusaidia kuandika ripoti, jina lake liwemo pia kama mhakiki mwenza; majukwaa ya wazi huruhusu hilo, na katika mfumo wa siri kazi hiyo ya vijana mara nyingi hupotea bila kutajwa. Ripoti ikishachapishwa hupewa DOI yake, hivyo iingize kwenye ukurasa wako wa ORCID, kitambulisho cha mtafiti mtandaoni, na utoe nakala ya kuweka kwenye faili lako la kazi.